Mtoto Aliyekataa Kusema Sijambo

Naanza kwa kuisifu nchi yetu, maana kifungu cha pili cha Sheria ya Kusimulia Mambo kinataka hivyo. Jina lake silitaji. Fomu za kuomba ruhusa ya kulitaja ziliisha mwaka juzi, na mchapaji wake bado yuko semina. Itoshe kusema kwamba watoto wetu wana afya kuliko watoto wa nchi zote tunazopakana nazo, na zile tusizopakana nazo pia. Asilimia mia moja ya watoto wetu ni wazima. Si tisini na tisa. Mia. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye ninayegonga mhuri.

Mimi ni Karani wa Salamu, Daraja la Tatu, katika Shule ya Msingi Kisima Kipya. Wako makarani wa daraja la pili ambao hawajui hata kuushika mhuri, lakini hayo tuyaache. Kazi yangu ni hii: siku shule zinapofunguliwa, kila mtoto anapita mbele ya meza yangu. Ananiamkia, "Shikamoo mjomba." Namwitikia, "Marahaba, hujambo?" Anasema, "Sijambo." Nagonga mhuri kwenye fomu yake, MZIMA, naye anaingia darasani.

Zamani, kabla Wizara ya Siha na Ushauri wa Watoto haijaundwa, watoto walipimwa na madaktari. Walipimwa uzito, macho na meno, wakaambiwa watoe ndimi nje. Matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo. Huyu damu yake haitoshi, yule haoni ubaoni, mwingine haumwi popote lakini kila siku analia chooni. Waziri wa wakati huo akauliza kwa nini serikali ihangaike na vyombo vya kigeni kumchunguza mtoto ambaye ana mdomo wake na anaweza kuulizwa. Wakaulizwa. Wote wakasema sijambo. Mizani ikawekwa stoo, na taifa likapona kwa siku moja.

Najua utanibishia, msomaji, kwa kuwa nawe umelelewa vizuri. Utasema kwetu mtu huanza na "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Ni kweli, ndivyo tulivyofunzwa. Umkute mtu msibani, umuulize habari za hapa, atakuambia nzuri, kisha atavuta pumzi na kusema: ila tumefiwa. Ile "nzuri" ni kumkaribisha mgeni mlangoni tu. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Wizara ililijadili jambo hilo kwa siku nne katika hoteli moja ya ufukweni. Ikaamua fomu iishie kwenye neno la kwanza, kwa sababu karatasi ni ghali.

*

Wakati wa kufungua shule kwetu unaitwa Msimu wa Ushauri. Wiki tatu kabla ya kengele ya kwanza kila mzazi hupewa Kitabu cha Mzazi Mwangalifu, kurasa mia mbili na kumi, chenye mambo mazuri sana. Mtoto alale mapema. Mtoto anywe maji safi. Mtoto asibebe begi lenye uzito wa kumpinda mgongo. Mzazi akae na mtoto kila jioni, amuulize siku yake ilikuwaje, amsikilize bila kumkatiza. Ili wazazi walielewe vizuri hilo la mwisho, waliitwa kwenye semina ya kukaa na watoto. Ilifanyika kila jioni kwa wiki tatu, na watoto hawakuruhusiwa kuingia.

Halafu kuna yai. Ukurasa wa arobaini unasema mtoto apate yai kabla ya kwenda shule, na mkaguzi hupita nyumba kwa nyumba kulitazama. Mtaa wetu una nyumba thelathini na moja na yai moja. Lilichemshwa mwanzoni mwa msimu na kutiwa alama ya wino ili mtu asije akalila kwa kusahau, likawa linamtangulia mkaguzi kwa nyumba moja. Yeye akitoka mlango wa mbele, yai linatoka mlango wa uani likiwa limefungwa kwenye leso, linakimbizwa kwa jirani. Kila mahali mkaguzi alilitazama, akaandika, "Yai lipo." Alikuwa mtu mwaminifu, hakuwahi kuandika kitu ambacho hakukiona.

Mimi sina mtoto, lakini nyumba yangu iko katikati na yai hupitia kwangu. Mwaka huu zamu ya kulipeleka nyumba ya pili kutoka kwangu ilikuwa yangu. Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka tisa, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Jina lake Kidawa. Alilipokea yai kwa mikono miwili, akaliweka kwenye sahani katikati ya meza, kisha akavuta viti viwili.

"Cha pili cha nani?" nikamuuliza.

"Cha mgeni."

Mkaguzi aliingia, akatazama, akaandika, akatoka. Hakuna aliyekaa. Nilipokuwa nalifunga yai kwenye leso, Kidawa akaniuliza, "Mjomba, haliwezi kubaki mpaka jioni?"

Nikamweleza kwamba jirani analisubiri. Akasema haya. Nilipofika barabarani niligeuka, nikamwona bado amesimama mlangoni, na roho iliniuma. Nadhani tulikuwa wageni wake wa kwanza mwezi ule, mimi na yai.

*

Kidawa alikuwa akilelewa na Bi Nunu, shangazi wa mama yake, mwanamke mwema ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake. Baba alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Mama alikuwepo. Mama yake alikuwepo kuliko mama mwingine yeyote nchini, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mama huyo, Ramla binti Mshangama, alikuwa mwalimu wa chekechea mwenye sauti ambayo mtoto akiisikia analala na mtu mzima akiisikia anatubu. Ofisa wa Wizara alimsikia siku moja akiwatuliza watoto waliokuwa wakisubiri chanjo. Wakamchukua kwenda makao makuu awasomee wazazi ushauri redioni, kwa wiki tatu tu, mpaka Msimu wa Ushauri uishe. Lakini taifa lilimpenda, na msimu ukaongezwa muda. Ukaongezwa tena. Hivi sasa tuko mwaka wa tatu wa zile wiki tatu.

Kila asubuhi na kila jioni nchi nzima humsikiliza. "Mzazi mwenzangu, umemkumbatia mwanao leo?"

Mwenzio ninaishi peke yangu tangu mke wangu arudi kwao, miaka kumi na miwili sasa, na kuta za mtaa wetu ni nyembamba. Mtoto wa nyumba ya pili nilikuwa namsikia vizuri.

"Bado, mama," alikuwa akiijibu redio.

"Mzazi mwenzangu, muulize mwanao amekula nini."

"Mihogo."

Bi Nunu, akiona midomo ya mtoto inacheza, alidhani anaambiwa yeye, akawa anatikisa kichwa na kutabasamu.

*

Siku ya kufungua shule watoto walipanga foleni tangu alfajiri. Nikagonga mihuri mia mbili na sitini bila kupumzika. Mtoto mmoja aliniambia sijambo huku anatapika, nikagonga mhuri upande uliobaki mkavu. Kisha akaja Kidawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, hujambo?"

Akanitazama.

Nilidhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti ya kiserikali zaidi. "Hujambo, Kidawa?"

"Shikamoo mjomba," akasema tena, kwa adabu zote.

"Nimekwisha kuitika hiyo. Hujambo?"

Waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona watoto wenye surua, wenye mikono iliyovunjika, mmoja alikuwa amelala fofofo mgongoni kwa dada yake, na wote walisema sijambo. Nikauweka mhuri chini.

Mtoto asiye na mhuri haingii darasani. Kurudi nyumbani pia haruhusiwi, kwa kuwa kwenye fomu bado si mzima wala si mgonjwa, na hakuna mlango wa watu wa aina hiyo. Kila siku akawa anakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu mpaka kengele ya jioni.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Kitogo, akaja mbio. "Wewe mtoto, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu."

"Una njaa?"

"Nimekula mihogo."

"Basi si useme sijambo, mama? Neno moja tu!"

Kidawa akaangalia viatu vyake. Mwalimu Kitogo akamgeukia nesi wa shule, nesi akanigeukia mimi, nami sikuwa na wa kumgeukia.

Siku ya tatu, saa ya mapumziko, nilimpelekea chai ya tangawizi, nami nikiwa na yangu, nikakaa naye pale benchi. Wenzake walikuwa wanacheza rede uwanjani. Hakuna aliyemwita. Wazazi walikuwa wamewakataza kumkaribia, wasije wakaambukizwa kunyamaza.

"Niambie mimi, mjomba wako," nikasema. "Unataka nini?"

Akafungua begi, akatoa Kitabu cha Mzazi Mwangalifu. Kurasa zilikuwa zimelegea kwa kufunuliwa. Akafika ukurasa wa mia na themanini na saba, kifungu cha kumi na nne, kilichopigiwa mstari kwa penseli, akanisomea huku kidole kinafuata maneno: "Mtoto atakayeshindwa kujibu salamu, mzazi wake ataitwa aje mwenyewe kumchukua."

Mimi kitabu hicho nimekigawa kwa miaka sita. Sikuwahi kufika ukurasa ule, wala simjui aliyefika.

"Umekisoma chote?"

"Mara mbili." Akarudisha kidole nyuma. "Imeandikwa aje mwenyewe, mjomba. Si atume mtu."

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

*

Niliandika barua Wizarani nikiambatanisha kifungu. Nakiri niliiandika kwa moyo wangu wote, na nikatumia neno "tafadhali" mahali pawili, ingawa kanuni inaruhusu mahali pamoja tu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, nami nalinukuu jinsi lilivyo:

"Ndugu Karani. Wizara imeipokea barua yako kwa furaha na kuikabidhi kwa kamati. Tunasikitika kwamba mzazi uliyemtaja hawezi kuruhusiwa kuondoka kwa sasa, kwa kuwa yumo katika kazi nyeti ya kuwahimiza wazazi wasikae mbali na watoto wao. Akiondoka yeye, nani atawahimiza? Unashauriwa ukae na mtoto huyo, umsikilize bila kumkatiza, kisha umwamuru aseme sijambo."

Nilimsomea Kidawa barua hiyo. Aliuliza kama kamati imekisoma kifungu. Nikamwambia kamati ni watu wenye shughuli nyingi. Akasema atasubiri wakipata nafasi.

Huko makao makuu mambo yalikuwa yameharibika. Hesabu ilikuwa inatoka tisini na tisa nukta tisa, na ile namba mia ilikwisha kujengwa kwa zege mbele ya Wizara, ndefu kuliko msikiti na kanisa. Ilisemekana Waziri hapati usingizi. Ilisemekana pia kwamba nchi jirani zimeanza kutucheka. Siku ya kumi na moja, Kamishna wa Siha, Mheshimiwa Dakta Lukwale, akafika kwetu na magari manne.

Alitoa hotuba kuhusu madhara ya kuwasimamisha watoto juani. Ilichukua saa mbili na nusu, watoto wakiwa wamesimama uwanjani kuisikiliza. Wanne walizimia. Walipozinduka wakaulizwa hujambo, wakasema sijambo, Mheshimiwa akapigiwa makofi.

Kisha akaja benchini. Akachuchumaa, kitu ambacho mpigapicha wake alikuwa amemkumbusha.

"Binti yangu, wewe unataka nini hasa? Baiskeli?"

"Namtaka mama."

"Mama!" Mheshimiwa akacheka, akatutazama sote tucheke. "Lakini mama unaye! Mama yako yuko kila nyumba, kila duka, kila gereji! Kuna mtoto gani nchi hii mwenye mama mwingi kama wako?"

"Yuko kwa watu wote," Kidawa akasema. "Kwangu hayupo."

Mheshimiwa akainuka, akapangusa magoti. "Mtoto ana kiburi," akamwambia Mwalimu Kitogo. Halafu akaitazama redio iliyokuwa dirishani kwangu, na uso wake ukachangamka.

*

Kesho yake, saa nne asubuhi, redio yangu iliwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha rangi za bendera. Kidawa akasimamishwa mbele yake. Fomu ilikuwa mkononi mwangu, wino ulikuwa mbichi. Shule nzima ilinyamazishwa, na Bi Nunu akaletwa kwenye kiti cha mbele ingawa hakuna ambacho angesikia.

Redio ikakwaruza. "Mzazi mwenzangu," ikasema sauti ile, kisha ikakatika kidogo. "Leo naanza na salamu. Kidawa, mwanangu. Hujambo?"

Siku kumi na mbili mtoto yule alikuwa amejizuia. Alijiandaa dhidi yangu, dhidi ya mwalimu, nesi na Kamishna. Nadhani alijiandaa hata dhidi ya Waziri. Hii hakuwa amejiandaa nayo, maana ni mtoto gani ataitwa na mama yake aache kuitika? Alinyoosha mikono yote miwili, akaishika redio mashavuni.

"Sijambo, mama."

Mheshimiwa mwenyewe aliushika mkono wangu, akaukandamiza mhuri juu ya fomu. MZIMA. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, Mwalimu Kitogo akalia, gari moja likapiga honi mfululizo.

"Ila," akasema Kidawa.

Alikuwa amevuta pumzi, kama tulivyofunzwa sote. Nilikuwa karibu naye, ndiyo sababu nilisikia. Wengine walikuwa wanapiga makofi. Na lazima niripoti jambo jingine, ingawa haliko kwenye taarifa rasmi. Redio nayo ilikuwa kimya. Ramla binti Mshangama alikuwa ameuliza, akanyamaza, na nchi nzima ikawa inasikiliza pumzi zake. Naye alilelewa kama sisi. Alijua lile neno linafuata, alikuwa analisubiri, na redio haisikii.

"Ila mama," akasema Kidawa, karibu zaidi.

Huko studio mtu akakohoa. Karatasi ikageuzwa.

"Mzazi mwenzangu," sauti ikasema, nayo haikuwa sawa kama siku zote, "je, mwanao anakunywa maji safi na salama?"

Mheshimiwa akaizima.

*

Mambo yakaisha vizuri kwa kila mtu. Asilimia ikarudi kuwa mia. Ramla akatunukiwa Nishani ya Mama wa Karibu, kwa kuthibitisha kwamba mzazi anaweza kumlea mtoto akiwa umbali wa kilomita mia nane. Msimu wa Ushauri ukaongezwa muda usiojulikana. Kifungu cha kumi na nne kikarekebishwa, sasa kinasema mzazi "ataitwa redioni". Mimi nikapandishwa kuwa Karani wa Salamu, Daraja la Pili, na tangu siku hiyo mhuri unanitoka mkononi.

Kidawa anakwenda darasani. Kila shule zinapofunguliwa anapita mezani kwangu na wenzake, namuuliza, anasema sijambo. Anaitamka haraka sana. Sikuwahi kuichukia salamu maishani mwangu mpaka sasa.

Jioni moja nilinunua yai. Halikuwa na alama ya wino. Nikalichemsha, nikapita nyumba ya pili nikabisha hodi. Kidawa alifungua, akaniamkia, akalipokea kwa mikono miwili na kuliweka kwenye sahani katikati ya meza. Akavuta viti viwili. Safari hii nilikaa.

Bi Nunu alikuwa pembeni akichambua mchele. Kidawa akalimenya yai taratibu, akaligawa, akanisogezea nusu. Sikuwa nimeketi mezani na mtu tangu mke wangu arudi kwao, na nilikuwa nimesahau jinsi ya kuanza mazungumzo. Nikaanza na lililokuwa moyoni.

"Kidawa, siku ile ulisema ila. Wengine hawakusikia, mimi nilisikia. Ila nini?"

Aliniangalia kwa huruma, kama ambavyo mtu huangaliwa akishuka kituo kisicho chake.

"Nilikuwa namwambia mama," akasema.

Sikuuliza tena. Saa ya ushauri ilikuwa imefika. Kidawa akainuka, akaifungua redio, akarudi kukaa. Sauti ya Ramla ikaingia chumbani.

"Mzazi mwenzangu, jioni hii kuna mtu aliyekaa na mwanao?"

"Bado, mama," Kidawa akajibu.

Bi Nunu akatikisa kichwa, akatabasamu. Nikamalizia nusu yangu ya yai, nikainuka polepole, nikakirudisha kile kiti cha mgeni ukutani.